Mnofu Chini ya Ukoko

Hadithi iko mlangoni. Mwasemaje? Iingie, kigoda kipo!

Bi Rukia alikuwa na binti wawili. Chungu kikiiva, Zuhra alipakuliwa wali mlaini na mapaja ya kuku. Mize, mkubwa, alikwanguliwa ukoko. Bahati yake ilikuwa moja tu: kila jioni, chini ya ukoko, alikuta kipande cha nyama kilichosahauliwa. Alikitafuna huku akimwombea mdogo wake mabaya.

Siku moja wote wawili wakiwa kisimani, Zimwi akamdaka Zuhra. Basi mazimwi wana mwiko wao: huuliza mara tatu, na akitokea wa kusema "wangu", hawammezi mtu.

"Huyu wa nani?"

Mize kimya. Zimwi akammeza Zuhra mpaka magotini.

"Huyu wa nani?"

Mize akatazama pembeni. Zimwi akammeza mpaka kifuani.

Zuhra akalia, "Dada Mize! Sasa nani atakufichia mnofu chini ya ukoko?"

Kumbe haikuwa bahati!

"Huyu wa nani?"

"Wangu! Mdogo wangu! Mteme, ewe tumbo kama ngoma!"

Zimwi akapiga chafya, akamtema Zuhra mzimamzima, akapasuka, akawa vumbi.

Nyumbani, Bi Rukia akamkumbatia Zuhra peke yake, akapakua kama kawaida. Wasichana wakamwaga sahani zote mbili katika sinia moja, wakala bega kwa bega.

"Na mimi je, wanangu?"

"Karibu, mama," Mize akasema. "Ukoko upo."

Mama akaukwangua kwa aibu, na chini yake akakuta mnofu.

Hadithi imetoka. Kigoda nakirudisha.