Samadi ya Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, Digidigi alikuwa mjane mwenye watoto wawili na shamba la maboga. Mbegu zake zilikuwa nyeusi, urithi wa mama yake. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Asubuhi moja akakuta shamba tupu. Hakikubaki hata kikonyo. Ardhi imefagiliwa kwa tawi, fya, fya, hakuna unyayo.

Alijua ni Tembo, maana nani mwingine ana tumbo la kumaliza shamba zima usiku mmoja? Lakini sheria ilikuwa kali: asiye na ushahidi hapati fidia, na anayemsingizia mwenzake anafukuzwa kijijini.

"Mama, leo tunakula nini?" watoto wakauliza.

"Nyamazeni kwanza, nafikiri."

Kesho yake akaenda kwa Nyati, mjumbe wa kijiji. "Mjumbe, nisindikize kwa Mzee Tembo nikaombe samadi. Peke yangu naogopa."

Walipobisha hodi, Tembo akatoka, ti, ti, ti, vyungu vikatikisika jikoni.

"Umekuja kunisingizia?"

"Sithubutu, mzee. Naomba samadi nipande tena. Ila nasikia rundo lile uani kwako ni la Kifaru."

"Kifaru?" Tembo akacheka. "Kifaru ana tumbo la kujaza pale? Ni yangu, ya alfajiri ya leo. Mjumbe, wewe ni shahidi. Haya, beba, kadogo wewe, kama utaweza hata donge moja."

Digidigi akatia donge kikapuni, akalimiminia maji ya kibuyu. Chwaa.

Masikio ya Tembo yakasimama. "Unafanya nini?"

"Naiosha, mzee. Nisije nikapanda magugu."

Tembo akasogea. Kivuli chake kikamfunika Digidigi mzima. Mikono yake haikuacha kuosha. Maji yakachuruzika, tope likatoka, na ndani ya kikapu zikang'aa mbegu nyeusi.

"Mjumbe," akasema kwa sauti ndogo, "hizi umewahi kuziona kwa nani?"

Nyati akainama, akazitazama. "Kwako tu, mama."

Tembo akainua mguu juu ya kikapu. Nyati akainamisha pembe.

"Ushushe kando, Tembo, taratibu. Samadi umesema ni yako, na shahidi umeniita mwenyewe."

Mguu ukabaki hewani. Kisha ukashuka, pembeni.

Siku hiyohiyo, kwa amri ya mjumbe, Tembo alilipa fidia: alijaza ghala la Digidigi kwa chakula chake mwenyewe, kisha akachimba mtaro kuzunguka shamba, mpana asioweza kuuvuka hata yeye. Jua lilipozama alikuwa bado anachimba, huku watoto wa Digidigi wakila uji wakimtazama. Mama yao alikuwa ameinama shambani, akizifukia mbegu zake moja moja, kila moja na samadi yake.

Basi wanangu, mkubwa akikudhulumu usishindane naye kwa nguvu: mwache ajisifu, atajitaja mwenyewe.