Mtoto wa Pimbi Bado Anakua

Ngano hii alinisimulia kwanza wifi yangu Naetwe, tukichambua mboga uani kwake. Yeye huanza kwa kuuliza, nasi hujibu.

"Jiko linawaka?"

"Linawaka!"

"Masikio yapo?"

"Yapo, mawili mawili!"

"Fisi ana njaa?"

"Lini alishiba!"

Basi, hapo kale Mama Pimbi aliishi chini ya jiwe na mwanawe mmoja. Pimbi ni mnyama mdogo wa miambani, mnene, hana mkia. Mtoto huyo alikuwa hajajua kupanda mwamba. Siku moja Fisi akapita, chwata, chwata, chwata, akamwona. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Hodi, Mama Pimbi."

"Karibu, bwana mkubwa."

"Nimekuja kumla mwanao."

"Karibu sana. Lakini huyu anakua."

Fisi akasimama. Wakati ule neno hilo lilitumika shambani tu, kwa mahindi na maboga. Yeye hakuwahi kulima.

"Anakua ndiyo anafanya nini?"

"Maana yake unachokiona sicho chote. Kingine kinakuja. Twende nikuonyeshe."

Wakaenda shambani. Palikuwa na boga dogo kama ngumi.

"Hili?" Fisi akauliza, akanyoosha kidole.

"Shusha kidole! Boga linalokua halinyooshewi kidole, litaoza. Kunja ngumi ndipo uonyeshe."

Fisi akakunja ngumi. Wakaliacha. Waliporudi, boga lilikuwa kama kichwa cha Fisi. Wakaliacha tena. Waliporudi, lilikuwa kama tumbo la Fisi.

"Uwiii!" Fisi akacheka. "Na mtoto naye hivyo hivyo?"

"Naye anakua."

"Atafika tumbo langu?"

"Bwana mkubwa, mimi sipendi kusema uongo. Anakua."

Fisi akafikiri. Leo ni tonge moja, baadaye ni karamu.

"Basi namwacha. Lakini na wewe usimle."

"Sitamla."

"Uniapie."

Mama Pimbi akaapa.

Kitu kinachokua hulishwa. Fisi akaenda kuiba majani ya viazi kwenye mashamba ya watu, majani ambayo yeye mwenyewe hali. Watu wakampiga, pu! pu! pu! Akaleta majani.

"Anakua?"

"Anakua."

Akaenda kuiba kabichi. Watu wakampiga, pu! pu! pu! Akaleta kabichi.

"Anakua?"

"Anakua."

Mtoto wa Pimbi alikula, akalala, akaamka, akajaribu kupanda mwamba. Alipanda kidogo akaanguka. Alipanda tena kidogo akaanguka. Mama yake alikuwa akimtazama yeye na kutazama njia ya Fisi.

Mwisho mbavu za Fisi zikaanza kuonekana. Akaja hana majani, hana kabichi.

"Mama Pimbi, leo nampima. Kama amesimama kukua, namla alivyo."

Mama Pimbi akautazama mwamba. Mwanawe alikuwa bado anaanguka.

"Mpime, bwana mkubwa."

Fisi hakutaka kukosea tena. Akakunja ngumi, akamwonyesha mtoto kwa adabu, akasema, "Huyu." Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kimelala, kinatazama chini, kama mtu anayepima mbuzi mnadani.

"Yoooo!" Mama Pimbi akapiga yowe. "Umemkandamiza!"

"Nimefanya nini?"

"Mtoto wa watu hupimwa kwa kiganja kilichosimama, vidole vikitazama juu, apate njia ya kwenda. Wewe umempima kama mbuzi! Hukufundwa kwenu?"

Fisi akautazama mkono wake. Aliona aibu kweli.

"Sasa nitafanyaje, mama?"

"Kaa chini. Kaa pale mbali, usisimame, kivuli chako kisimwangukie. Huenda akaanza kukua upya."

Fisi akaenda kukaa mbali. Mvua ikanyesha akiwa amekaa. Jua likawaka akiwa amekaa. Makalio yakadidimia, mpaka leo nyuma yake ni chini kuliko mbele.

"Anakua?" akauliza kwa mbali.

"Anakua!"

Naye mtoto akapanda mwamba, akaanguka. Akapanda, hakuanguka.

Fisi alipochoka kukaa akaja, chwata, chwata, chwata. Akaita chini ya mwamba. Juu kabisa, kwenye ufa, akatokea pimbi mmoja.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, mjomba. Yule yule."

"Umemaliza kukua?"

"Nimemaliza."

"Mbona mdogo vile vile?"

"Si ulinipima mwenyewe?"

Fisi akautazama tena mkono wake. Nyuma ya yule pimbi vikachungulia vichwa vingine, vidogo zaidi.

"Na hao?"

"Hawa, mjomba," akajibu pimbi, "ndio wanakua."

Fisi akakaa tena.

Tangu siku ile neno likatoka shambani. Mji ambao haujafikiwa na maji, huitwa mji unaokua. Timu inayofungwa kila wiki, huitwa timu inayokua. Fundi akiulizwa kuhusu kitanda ulichoagiza, naye hutumia neno hilo, na wewe unarudi nyumbani.

Wifi yangu alisema funzo la ngano hii ni kwamba mtoto akila mboga za majani atakuwa mkubwa kama boga. Pia tusidanganye.

Mzigo wangu nimeutua hapa, anayeutaka ajitwishe.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniuliza kama nimemaliza kulima kile kishamba cha nyuma ya nyumba. Nilikuwa sijakigusa. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamjibu taratibu:

"Kinakua, mama."