Meko ya Bwana Ludgrove

Enzi zile matajiri wa Uingereza walipoanza kupenda kondoo kuliko watu, mji mmoja ulikuwa na sheria yake: mpiga kura ni mwanamume anayechemsha chungu kwenye jiko lake mwenyewe, naye humtaja mpiga kura yeyote amtakaye awe mbunge. Bwana Ludgrove alikuwa amewafukuza wapangaji wake wote na kubomoa nyumba zao ili apate malisho. Uchaguzi ulipowadia, naye akiutamani ubunge kufa kupona, ndipo alipogundua kwamba kondoo hawapigi kura.

Akamwita Jabez, mfumaji aliyekuwa akilala kanisani na wenzake waliofukuzwa.

"Nataka kura zenu!"

"Kura tunazo, mheshimiwa. Meko ndiyo hatuna. Na kasri lako lina jiko kila chumba. Mpe kila mmoja wetu la kwake, tuchemshe viazi, kesho tupige kura."

"Na mkinigeuka?"

"Kura si hutajwa kwa sauti, mbele yako? Nani atathubutu?"

Bwana Ludgrove akacheka. Akaapa mbele ya msimamizi wa uchaguzi kwamba kila jiko sasa ni mali ya aliyepewa, akagawa meko yote, hata lile la wapishi.

Kesho yake waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja akapaza sauti: "Jabez!"

"Tokeni nyumbani kwangu!" akafoka Bwana Ludgrove. "Nami kura yangu ni Ludgrove!"

Msimamizi akamuuliza kwa upole, "Wewe chungu chako unachemshia wapi, bwana?"

Tajiri akageuka polepole, akamtazama Jabez.

"Yai nitakuchemshia, mheshimiwa," akasema Jabez. "Ila ukija kwangu, bisha hodi kwanza."