Zawadi Iliyomziba Shangazi Pua

Ukimvika mtu, mwachie pua. Haya, nani amecheka? Wewe, Mbonea? Nimekusikia ukiwaambia wenzako eti methali hii ni ya barakoa, eti waliitunga watu waliochoka kufunikwa uso. Shika adabu yako! Methali hii niliiona ikizaliwa kabla mama yako hajaota meno, na mtu wa kwanza kuisema alikuwa babu yenu Elinihaki, ambaye haongei mpaka umchokonoe. Weka simu chini usikilize. Ilianzia kwenye kiti cha pikipiki, na nikiikumbuka siku ile damu bado inanichemka.

Enzi hizo zahanati yetu ya Mrindi haikuwa na gari. Ukizidiwa huku milimani, ulibebwa kwa machela mpaka tambarare, na wengine walifika wameshakata roho. Akatokea mzungu mmoja mzee aliyekuwa akizunguka dunia kwa pikipiki. Akaanguka kwenye kona ya mtoni, akavunjika mguu, akauguzwa hapa hapa zahanati. Alipopanda ndege kurudi kwao, akatuachia ile pikipiki. Haikuwa kama hizi bodaboda zenu. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, ina masanduku mawili ya bati ubavuni na tenki kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na tangu inafika ilikuwa imeshazeeka. Tukaiita Shangazi, kwa sababu ilikuwa pana, ina sauti, na haikubali kuharakishwa.

Babu yenu alikuwa amejifunza ufundi kwenye mashamba ya katani kule chini, kwa hiyo kijiji kikampa funguo. Alimpenda Shangazi mpaka nikawa namuuliza kama alinioa mimi au yeye. Alikuwa anacheka tu, anaendelea kufuta.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, akiitwa Mama Namsifu. Binti yake Namsifu alishikwa na uchungu mtoto akiwa amekaa vibaya. Babu yenu alimpakia juu ya Shangazi, nesi nyuma yake, wakateremka kona zote hadi hospitali ya Same, na mama na mtoto wakapona. Mama Namsifu alilia kwa furaha, akaapa kwamba lazima amvike Shangazi nguo ambayo haijawahi kuonekana Upareni.

Na kweli, alimvika. Kina mama walishona vipande vya vitenge, wakaongeza matamvua ya sufi ya kila rangi, wakamfunika Shangazi kuanzia kwenye tenki, kiti, mpaka chini ubavuni, wakabakiza mfuniko wa mafuta tu. Wakafunga kwa uzi wa katani, umepitishwa chini ya vyuma na kukazwa barabara. Fundo la mwisho Mama Namsifu alilifunga kwa mkono wake, akatangaza mbele ya watu, "Atakayelifungua ni mimi peke yangu!" Tukapiga vigelegele. Babu yenu alitabasamu, lakini nilimwona anainama, anachungulia chini ya kiti.

Alikuwa anatafuta tundu la hewa. Hivi ndivyo alivyonieleza jikoni: injini inakula mafuta, lakini lazima ivute na hewa. Hewa inaingilia tundu lililo chini ya kiti, inapita kwenye chujio, ambalo mafundi wanaliita eya klina, na vumbi linabaki hapo. Chujio likijaa unalitoa, unaweka jipya. Basi. Lakini la Shangazi lilikuwa chini ya tenki, na huwezi kung'oa tenki bila kung'oa kiti, na kiti kilikuwa ndani ya ile nguo.

Vumbi la tambarare mnalijua, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Shangazi alianza kukohoa. Babu yenu akaagiza chujio jipya Moshi, likaja na basi, likakaa juu ya kabati letu. Akaenda kwa Mama Namsifu kuomba amfungulie fundo.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akaambiwa. "Mgeni wa heshima anakuja kuiona."

Mgeni akaja, akapigwa picha na Shangazi, akaondoka. Babu yenu akarudi kuomba. "Ngoja ipite sikukuu ya mavuno." Ikapita. Akarudi tena. Safari hiyo mama alinuna: "Kumbe zawadi yangu inakukera?" Na babu yenu, kwa heshima zake zile, akasema, "Hapana, mama, shikamoo," akarudi nyumbani. Nikamwambia, "Kata!" Akasema kitu cha mtu hakikatwi. Loo, yule mwanaume na adabu yake!

Shangazi akawa anatoa moshi mweusi. Mafuta yaliyokuwa yakimfikisha Same na kurudi yakawa yanaishia njiani, maana hewa ikipungua mafuta hayaungui yote, yanatoka moshi tu, na pikipiki inadai mengine. Watu hawakuona moshi. Waliona mafuta yanaisha. Maneno yakaanza kisimani: eti Elinihaki anauza petroli huko chini. Kisha siku moja, akipandisha chanjo za watoto, Shangazi akazimika kwenye mlima, akagoma kabisa. Barafu ya kwenye boksi la chanjo ikayeyuka, chanjo zikaharibika. Kina mama waliokuwa wamepanga foleni na watoto mgongoni wakarudi makwao wakilaani.

Mkutano ukaitishwa Jumapili baada ya ibada, uani pa zahanati, Shangazi akiwa katikati na matamvua yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Sekiete.

"Elinihaki," akasema, "mafuta yanakwenda wapi?"

"Yanatoka moshi, mzee. Shangazi amezibwa pua. Nikiruhusiwa kufungua hii nguo, nitaweka chujio jipya."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mama Namsifu akasimama.

"Mmesikia? Sasa mwizi ni nguo yangu! Nimeishona kwa machozi ya shukrani, leo naambiwa inakunywa petroli! Mwanangu, kama umeshindwa kusema kweli, rudisha funguo. Mwizi ni mwizi."

Mwizi! Mtu aliyembeba binti yake kwenye zile kona! Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuiti mwizi mbele ya watoto wako. Wanangu walikuwa pale, wananitazama mimi. Nikamtazama baba yao, naye anatazama viatu vyake. Ule ukimya wake uliniudhi kuliko lile neno. Sisi Wapare tunaosifika kwa kupenda kesi, yeye siku ya kesi yake mwenyewe anakuwa bubu!

Nikaenda jikoni walikokuwa wanapika makande, nikachukua kisu.

"Wee Nakijwa!" Mzee Sekiete akaita. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumfungua Shangazi."

Mama Namsifu akajitupa mbele ya pikipiki, mikono ameitanua. "Thubutu! Nilisema fundo ni langu. Nikate mimi kwanza!"

"Mama, ondoka hapo," nikamwambia, na sauti yangu sikuitambua. "Umemwita mume wangu mwizi mbele ya wanangu. Sawa. Kama ameuza mafuta, leo hii tunahama Mrindi, mtutemee mate mpaka barabarani. Lakini kwanza tuone humo puani!"

Mzee Sekiete akainua mkono. "Mwacheni akate. Mwenyewe ameshasema atahama."

Nikakata. Uzi wa katani ni mgumu, nao walikuwa wameukaza. Nilikata nikitokwa jasho, na kila mwanamke aliyeshona alikuwa anaguna kana kwamba namkata yeye. Nguo ikaanguka chini. Ndipo babu yenu akainuka, akafungua mkoba wake, akatoa lile chujio jipya ndani ya boksi lake. Kumbe alikuwa amekuja nalo! Alikuwa anaona haya kulitoa! Nilitamani kumzaba kofi.

Akang'oa kiti. Akafunga koki ya mafuta, akachomoa mpira wa mafuta, akainua tenki na kuliweka juu ya benchi. Akashika bisibisi, akafungua kasha lililokuwa chini yake, akaingiza mkono. Kilichotoka kilimfanya Mzee Sekiete avue kofia. Ile karatasi iliyokunjwakunjwa, ambayo ingekuwa nyeupe, ilikuwa imeshonana kwa vumbi jekundu kama tofali. Na juu ya vumbi zilikuwa zimelala nyuzi za sufi, kijani, njano, na zambarau. Shangazi alikuwa akivuta matamvua yake mwenyewe kila siku.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu mmoja akanong'ona nyuma.

Babu yenu alimpelekea Mama Namsifu lile chujio, akalishika mbele yake ili alitazame. Mama akagusa uzi wa zambarau kwa ncha ya kidole. Zambarau alikuwa ameishona yeye.

Babu yenu akarudi kazini. Akafuta kasha kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi lililobaki likiingia ndani linasaga injini. Akaweka chujio jipya, akalibonyeza pembeni kote kwa dole gumba, akafunga, akarudisha tenki na kiti. Akapiga kiki. Shangazi akatema moshi mweusi, akatema tena, kisha moshi ukakata, sauti ikawa ile yake nene. Babu yenu akampanda, akapandisha ule mwinuko wa kanisani bila kupunguza gia, akarudi.

Loo, vigelegele vilivyopigwa! Wale wale waliocheka ndio waliopaza sauti kuliko wote. Watu wakamsukuma, wakamkumbatia, "Elinihaki shujaa! Elinihaki mtoto wetu!" Na Mama Namsifu, machozi yanamtiririka, akafungua kitenge chake cha kanisani, akamzungushia babu yenu mabegani, akakikaza shingoni ili kumheshimu mbele za watu. Hakusema samahani. Alikuwa anakaza tu.

Babu yenu akamshika mikono, taratibu. Akakitoa kile kitenge, akamrudishia. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia, "Mama, ukimvika mtu, mwachie pua." Akaweka funguo za Shangazi juu ya kile kitenge, mkononi mwake, akaondoka kwa miguu.

Walikuja nyumbani, msifikiri hawakuja. Mmoja na jogoo, mwingine na mkungu wa ndizi, Mzee Sekiete na beberu. Vyote vilirudi vilikotoka. "Sikuitwa mwizi kwa jogoo," babu yenu akawaambia. "Niliitwa kwa mdomo, uani pa zahanati." Shangazi akakaa bila dereva, na mgonjwa mmoja alishushwa tena kwa machela, kwa bahati akafika mzima. Nilimlilia achukue funguo. Akakataa. Kumbe mpole akikasirika, hata mke hana la kufanya.

Mwishowe, Jumapili moja watu wakitoka kanisani, Mama Namsifu akaenda kusimama pale pale uani. Hakushika zawadi yoyote. Mimi sikumsamehe siku ile, na sitawadanganya kwamba nilimsamehe baadaye. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alisimama kwenye jua, akapaza sauti mpaka walioko barabarani wakasimama.

"Elinihaki si mwizi. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nilisema uongo. Aliniomba nifungue fundo nikakataa, kwa sababu nilipenda kusifiwa kwa ile nguo kuliko nilivyompenda aliyeivaa. Wenye watoto, wenye wakwe, wenye wageni, nisikieni. Ukimvika mtu, mwachie pua."