Mkeka Uliokataa Kulala Chini

Mwanamke mmoja alikuwa na mikono iliyojua kusuka kuliko mikono yote ya kisiwa chake. Jina lake Bi Kazija. Ukindu ulipopita vidoleni mwake hukuuona ukipita. Uliona tu ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, unarefuka mapajani, kisha kili zinashonwa pamoja, na mkeka huo unatandikwa. Watu walivua viatu mbele ya mkeka wake hata kama chumbani hamna mtu.

Basi ninyi mlioajiriwa juzi chuo kikuu, mkapewa madarasa kwa sababu mlifaulu kuliko wenzenu, habari hii ni yenu.

Kisiwani hapo palikuwa na nyumba ya kufundishia ususi. Wasichana walipelekwa huko na mama zao, na akina mama wakabaki wanalima peke yao, migongo inawauma, wakijipa moyo kwamba mtoto atarudi ana kazi mikononi. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi. Msusi yeyote, hata awe hodari vipi, kabla hajakabidhiwa wanafunzi alikaa msimu mzima ubavuni pa mwalimu wa zamani. Hakukaa kusuka. Alikaa kuwatazama wanafunzi: nani amekwama, nani anajifanya ameelewa, nani anaona haya kuuliza. Na alipoanza kufundisha, yule wa zamani naye alikuja kukaa nyuma, kimya, halafu wakiwa wawili tu akamwambia alichokiona.

Bi Kazija alipoitwa kufundisha, wenye nyumba hiyo wakamwelekeza kwanza kwa Bi Mkasi, mwalimu mkongwe wa nyumba ile. Bi Kazija akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mie? Mie nikafunzwe kufundisha? Jamani, anayejua kusuka atashindwa vipi kuonyesha? Si kunivunjia heshima huko?"

Wanawake waliokuwa wakianika ukindu uani wakacheka naye. "Mwacheni huyo, vidole vyake vinasema vyenyewe!" alisema mmoja. Mwingine akadakia, "Na huyo Bi Mkasi, mkeka wake nani kauona?" Bi Mkasi alikuwa pale pale, anachana ukindu. Aliwasikia. Akaendelea kuchana.

Wenye nyumba hawakumlazimisha Bi Kazija. Jina lake liliipa nyumba yao sifa, na waliogopa asije akaghairi. Wakampa wanafunzi siku ile ile.

Akachukua kigoda, akakiweka mbele yao, akaketi akiwaelekea, akasuka. Wao walikuwa chini, nyuso zao kwake. Alisuka upesi kama alivyozoea, huku akiwasimulia mikeka yake iliko, na nyumba za wakubwa zilizoitandika. Yalikuwa mazungumzo matamu. Wasichana walirudi kwao wakimtaja yeye tu.

Alikuwamo msichana mmoja aitwaye Mize, mtoto wa mjane. Huyu siku moja alinyoosha mkono.

"Bibi, hapo ulipokunja, umepitisha juu au chini?"

Bi Kazija hakusimamisha vidole. "We Mize, macho umeyaacha kwenu? Si unaona?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mize naye akacheka kidogo, ili asionekane ameumia. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Darasa likawa kimya, na Bi Kazija akaupenda ukimya ule. Alidhani wameelewa.

Kazi zao waliziviringa, wakazitia kapuni mlangoni. Yeye alipita, akainua kapu, akaona limekuwa zito, akasema, "Ehee, mnasuka kweli." Hakukunjua hata ukili mmoja. Hakuketi hata mara moja alipoketi mwanafunzi, aone kile mwanafunzi anachokiona.

Sasa nyumba ile, msimu ukiisha, ilikuwa na siku ya kutandika. Mwalimu alianzisha mkeka kwa ukili wake mwenyewe, katikati, na kila mwanafunzi akashonea wake pembeni, mpaka ukawa mkeka mmoja mpana. Ukatandikwa uani, na akina mama wakaitwa wakae juu yake. Mama akishakaa, mwanawe anaitwa msusi, na watu wanaweza kumpa kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yao. Mama asipokaa, mtoto anarudi nyumbani kama alivyotoka.

Akina mama walikuja mapema. Mama yake Mize alijifunga doti mpya ya kanga, alikuwa ameiweka kwa siku hiyo. Alikuwa na miguu iliyovimba kwa kazi, na njiani aliwaambia wenzake, "Leo mie nitakaa, na msininyanyue."

Bi Kazija akatoa ukili wake, akaanza kuunga na kili za wanafunzi. Mshono wa kwanza ukavuta, kili zikapinda. Akaufumua, akashona tena, ukavuta tena. Akazikunjua kili zote, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo alipoona. Msuko wake ulilalia kulia. Misuko ya wasichana wote ililalia kushoto. Walikuwa wameketi wakimwelekea, na kila alichokifanya kwa mkono huu, wao walikifanya kwa ule uliokuwa upande huo huo machoni mwao. Msimu mzima walimfuata kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliowapoteza.

Walijaribu kuzipindua kili zao, ili nazo zilalie kulia. Ncha za ukindu, ambazo hufichwa chini, zikaja juu, zikachoma kama miiba. Wakazirudisha, wakashona kwa nguvu. Mkeka ulipotandikwa, katikati ukajiinua kama kitu kilicho hai. Waliukandamiza upande huu, ukanyanyuka upande ule. Haukulala.

Akina mama walikuwa wamesimama pembeni wanangoja kuambiwa wakae. Hakuna aliyewaambia. Mama yake Mize akauegemea ukuta.

Bi Kazija akahisi macho ya ua mzima mgongoni. Akawageukia wanafunzi, sauti imempanda.

"Ni nani aliyewafundisha kusuka hivi?"

Wasichana wakainamisha vichwa. Mize akajibu, wala hakujibu kwa ujeuri, alijibu kama mtu aliyeulizwa swali akalitafutia jibu la kweli:

"Ni wewe, bibi. Sisi ndivyo tulivyokuona."

Hakuna aliyecheka. Wale wanawake wa kuanika ukindu nao walikuwapo, wakawa wanatazama chini. Akina mama wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kelele, na kila aliyepita alimuaga Bi Kazija kwa heshima, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa mtoto wake. Angeona nafuu kama wangemtukana. Alitamani hata Bi Mkasi aje amseme mbele za watu, amalize. Bi Mkasi alikuwa amepiga magoti karibu na wasichana, anawasaidia kufumua.

Msimu uliofuata Bi Kazija alikwenda kwa Bi Mkasi, kajitanda kanga mpaka machoni. Akasema, "Nimekuja kukaa." Bi Mkasi akajisogeza, akampisha nafasi ubavuni pake. Alikaa msimu ule wote. Alijifunza kuhamisha kigoda akae pamoja na wanafunzi, wote wakitazama upande mmoja. Alijifunza kusimamisha vidole, na kumngoja anayetafuta swali lake. Alijifunza kukunjua kazi ya mwanafunzi kabla ya kuisifu. Wanasema baadaye alikuwa mwalimu mzuri sana, na wanafunzi wake wa baadaye wote, mama zao walikaa.

Ila wale wa kwanza hawakurudi wote. Waliorudi walipata tabu kuliko wageni, maana mkono uliokwisha kuzoea kosa ni mzito kuugeuza. Wengine mama zao hawakuwa na nguvu ya kulima msimu mwingine peke yao. Mize alikuwa katika hao.

Siku moja Bi Kazija alipita njia ya mashambani akamwona. Mize alikuwa analima tuta la viazi, mama yake amekaa kivulini, miguu kainyoosha. Msichana akaweka jembe chini, akajifuta mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Bi Kazija akafungua kinywa aitikie marahaba, kama mtu mzima anavyoitikia kila siku ya Mungu. Akasimama pale njiani, yule msichana kainama anangoja, jua linawapiga wote wawili.

Nanyi mnaoitiwa mafunzo ya kufundisha, mkasema mnadharauliwa kwa kuwa vyeti vyenu ni vikubwa: siku atakapokuamkia uliyempotosha njia, wala yeye asikulaumu, utamwitikia kwa uso gani?