Utepe wa Kidole

Utepe wa kidole hurudi jora. Nimemwambia hivyo jirani aliyetuletea sufuria nzima ya kisamvu, kwa sababu juzi Zamda alimpelekea ndimu mbili za kikohozi. Sasa mnanikodolea macho, mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Haya, kaeni. Zamda, weka simu chini. Hizo hadithi zako mpya za miungu wa Kihindi wanaopanda pikipiki mjini ni tamu, lakini kila ukimaliza moja unasema, "Karma itamkomesha!" Kwani hiyo karma, malipo ya matendo ya mtu, ni askari, kazi yake kukamata tu?

Methali hii ilizaliwa hapahapa Tanga, mwaka nilioolewa na babu yenu. Mama yangu, Bi Saumu, alikwenda dukani kwa Kirit kununua sare za arusi yangu. Kirit alikuwa kijana wa Kihindu aliyerithi duka la kanga kwa baba yake, na nyanyake, Bi Kokila, alikaa mlangoni kumsimamia. Siku hiyo mkasi ukamteleza Kirit, ukamkata kidole, damu chururu! Duka zima limejaa nguo, na Bi Kokila anazunguka, "Tambara! Nani ana tambara?" Kila alichokishika aliona kinauzwa! Mama hakungoja. Alichana pindo la kanga aliyovaa, mpya, hata haijaingia maji, akamfunga Kirit kidole.

Bi Kokila akamshika mkono. "Saumu, kwetu iko hadithi. Malkia mmoja alichana nguo yake akamfunga mungu wetu kidole. Siku maadui walipotaka kumvua nguo mbele ya watu, walivuta, wakavuta, nguo haikuisha."

Mama akacheka, akachukua sare zake akaenda zake.

Mama alikuwa ameahidi kwamba kila mwanamke wa upande wa bwana arusi atavikwa sare. Basi siku ya siku, wakwe wakashuka kutoka Pangani, lori zima! Walikuja mpaka mashangazi ambao babu yenu mwenyewe alikuwa hawajui. Sare zikaisha, nusu ya wanawake wamebaki uani na nguo zao za safari. Bi Mwanakombo, shangazi mkubwa wa bwana arusi, akasimama katikati. "Sisi tusiovikwa ni wageni wa nani? Liwasheni lori turudi kwetu, na bwana arusi wetu tunaye!" Ngoma ikanyamaza.

Mimi nilikuwa ndani, bibi arusi, mikono imejaa hina mbichi. Mama akaingia, akakaa kitandani, akalia. "Nimekuaibisha, mwanangu. Sare ile nimeambiwa imeisha mji mzima." Nilitaka kumfuta machozi, lakini hina hiyo! Nikamfuta kwa kiwiko. Uchungu wa siku ile ninao mpaka leo.

Mara tukasikia, "Hodi, mama! Hodi wenye arusi!" Kirit huyo, jora zima la nguo begani, jasho linamtoka, na Bi Kokila nyuma anamgombeza asiliburute.

Mama akaitazama nguo. Sare ileile. "Umeipata wapi, mwanangu?"

"Sikuipata, niliificha. Wateja wengine walioitaka niliwaambia imeisha, na leo nilipoona lori la Pangani nikaja. Mimi nauza sare, mama. Wageni wa arusi huongezeka, sijaona wakipungua."

"Nitakulipa nini mimi?"

Kirit akainua kidole chake chenye kovu. "Tukilipana tutamalizana. Mimi sitaki tumalizane."

Bi Kokila akapiga makofi. "Saumu, si nilikwambia? Utepe wa kidole hurudi jora. Haya, leteni mkasi!" Wa kwanza kuvikwa alikuwa Bi Mwanakombo, na alivyokata kiuno usiku ule, loo, lori lilisahauliwa!

Na jora lile halijaisha, wajukuu zangu. Mama yenu alipoolewa, nani alileta sare? Wewe Zamda ulipozaliwa, ulipokelewa kwa kanga ya nani? Ya Babu Kirit huyuhuyu, anayewapa visheti kila mkipita dukani kwake.

Basi kabla hatujala, jaza bakuli umpelekee. Kisamvu hiki ni cha nazi, hakina dagaa, na yeye hali nyama wala samaki, hiki anakula. Akiuliza kama ndiyo malipo, mwambie bibi naye hataki mmalizane. Utepe wa kidole hurudi jora.