Sauti Iliyokatika Chini ya Mchanga

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika kijiji kimoja cha jangwani, mfereji uliopita chini ya ardhi uliziba kwa mchanga. Shayiri ya wakulima wanyonge ikaanza kunyauka, na miongoni mwao alikuwamo mjane Rayhana, asiye na riziki nyingine. Waja wema wakajitolea kuuzibua bila ujira, wakitaka radhi za Mola wao tu.

Ada yao ilikuwa hii: anayeshuka hufungwa kamba kiunoni, naye husabihi, yaani humtukuza Mola, kwa sauti muda wote. Sauti ikikatika, walio juu hujua mchanga umemwangukia, wakamvuta upesi.

Ikafika zamu ya Muadhi, mcha Mungu aliyesifika. Kamba akaishika Wadaa, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Muadhi akatambaa gizani akisabihi, hata mchanga ukaanza kumdondokea shingoni. Hofu ikamshika, sauti ikatetemeka. Akaona haya watu wasikie mtu kama yeye akitetemeka, basi akaendelea kusabihi moyoni.

Juu kukawa kimya. Wadaa akavuta kamba, kumbe imenasa kwenye jiwe. "Ndugu yangu amefukiwa," akasema, akashuka mbio bila hata kujifunga. Alipoingia tu, mchanga ukaporomoka ukamfunika hadi kidevuni. Muadhi akamrudia, akafukua kwa kucha huku akilia, asijue anafukua mtu au maiti.

Kwa rehema za Mola wakatolewa wote wawili hai. Wadaa, pumzi zikimpaa, akauliza, "Ulinyamazia nini, Muadhi?"

"Bila shaka alichelea riya, asionekane anasabihi ili asifiwe," watu wakamjibia kwa heshima.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake, maana udhuru ulikwisha kuletwa mkononi, mzuri, wa kumzidishia sifa.

"La, wallahi," akasema Muadhi. "Niliogopa, nikaona haya kuogopa."

Rayhana akamsogelea. "Mwanangu, Mola husikia ya moyoni. Sisi wa huku juu hatukupewa sikio hilo. Tetemeka, lakini tukusikie."

Muadhi akashuka tena. Sauti yake ilitoka ardhini ikitetemeka vile vile, mjane akiiitikia, mpaka maji yakafika kwenye shayiri.

Nasi leo, ndugu zangu, tunaficha hofu zetu na kuziita subira. Jiulize ni nani aliyekushikia kamba, na lini alikusikia mara ya mwisho.